Malkia Biskwi Hachezwi na Mtu Mwingine

Kwako Nasra, uliyejipa umalkia kabla hujajua kufunga kamba za viatu vyako,

Nakuandikia kutoka stoo ya duka. Nimemwambia baba yako kwamba nahesabu majora, lakini sihesabu chochote. Nimekalia jora la kitenge, karatasi iko juu ya goti, na wewe uko Kigobe unamuaga Aline. Kesho ndege inakupeleka Dar es Salaam. Nataka barua hii iwe imeshaingia ndani ya begi lako kabla hujarudi, kwa sababu ukirudi utaniangalia usoni, nami nitaanza kuongea habari za soksi.

Habari za soksi zimekwisha semwa. Bibi yako amekueleza maji ya kuchemsha, shangazi zako wamekueleza wanaume, na baba yako ameisema pasipoti mpaka pasipoti yenyewe imechoka. Huko sina la kuongeza. Nina jambo moja tu, na unalijua, maana tangu mwaka jana mimi na wewe tunalizunguka kama watu wanaokwepa dimbwi la maji njiani. Ni habari ya Malkia Biskwi.

Utaona naandika Kiswahili cha vitabu, kile alichonifundisha marehemu shangazi yangu wa Kigoma kwa kunifinya masikio. Usicheke. Huko Dar utachekwa wewe, siku ya kwanza tu ukisema "apana" yako ya Bujumbura. Waache wacheke, kisha waulize kama wanajua kuchambua ndagala, dagaa wetu wa ziwani.

Boksi lilipokuja hukuwa na meno ya mbele. Vita vilikuwa vimeanza, wageni wanaondoka mjini kwa haraka, na mwalimu mmoja Mfaransa aliyezoea kununua mapazia kwetu alituletea vitu alivyoshindwa kubeba: masufuria, feni, na boksi la kadibodi lenye picha ya mlima na watu wenye mapanga. Nilidhani ni mchezo wa kupanga vipande vya picha. Kumbe ndani mlikuwa na kijitabu, ramani, na dadu za rangi zenye nyuso nyingi, ambazo sikuwahi kuona mfano wake. Nikakaa na kile kijitabu, mimi na Kifaransa changu cha shule ya masista, mpaka nikaelewa kwamba mchezo wenyewe ni wa kusimulia. Mtu mmoja ni msimulizi, anaeleza nchi ilivyo na hatari zake. Wengine kila mmoja anajitungia mtu wa kuwa ndani ya hadithi, anamwandika kwenye karatasi, na kusema mtu huyo anafanya nini. Pale ambapo haijulikani kama atafaulu au ataanguka, dadu zinaamua.

Bibi yako alipoziona dadu alisema astaghfirullah, akazifungia kwenye sanduku lake la nguo, chini ya sanda yake. Nikamuuliza, na kura je? Akafikiri sana. Akasema kura haina neno, hata watu wema wa zamani walipiga kura. Basi nikachukua maharage, nikayaandika namba kwa kalamu, nikayatia kwenye kofia ya babu yako, na tangu siku hiyo meza yetu ikachezea maharage. Punje ikishatoka hatukuirudisha mpaka kofia iishe. Hiyo ilikuwa sheria yangu mwenyewe, haikuwa kitabuni, na mlinifuata kwa sababu mimi tu ndiye niliyekuwa nimesoma.

Ulivyoipenda! Couvre-feu, ile amri ya kutotoka nje usiku, ikifika mji mzima unajifungia, redio inaanza kusema mambo yake, na wewe unakimbia kuita jirani yetu wa chini, Déo, wakati ule kabla hajahamia Kigobe. Anapanda ngazi na tai yake ya wizarani bado iko shingoni, bintiye Aline nyuma yake amebeba mto. Mezani kwangu hakuna aliyeulizwa yeye ni mtu wa wapi. Aliulizwa anafanya nini sasa, na wenzake wanamngoja ajibu. Déo akawa mganga, akajiita Docteur. Aline akawa mwizi, yeye anayekwenda kanisani kila Jumapili. Wewe ulikuwa unakula biskuti. Nikakuuliza, "Jina lako nani?" Ukasema mdomo umejaa, "Malkia Biskwi." Déo akacheka mpaka akatoa machozi, ukamkazia macho, na jina likabaki.

Ulimlea mtu huyo miaka yote, mwanangu. Alianza kama malkia asiye na nchi, akawa kiongozi wa njia, yule anayetangulia mbele ya msafara kupima kama daraja linabeba na kama mto una mamba. Kila mara nilipouliza, "Nani anatangulia?" ulijibu kabla sijamaliza. Mimi nilikuwa nakushangaa. Sikukuambia, nilikuwa nakwambia unyamaze uwape na wengine nafasi.

Sasa nifike Ruziba.

Ulikwenda likizo kumsaidia shangazi Mwajuma kuanika ndagala. Ulikwenda na nguo chache tu. Kisha mapigano yakaanza upande wa kusini, njia ikafungwa, simu hakuna. Baba yako alikuwa akitoka kila asubuhi kuwauliza madereva, anarudi, anakaa kwenye kiti bila kuvua viatu. Jumamosi Déo na Aline walipokuja, Déo alisema leo tusicheze. Mimi ndiye niliyesema tucheze.

Unakumbuka kijitabu cha kwanza kilivyosema: mchezaji asipokuwepo, msimulizi atamchezea. Tuliitumia sheria hiyo Aline alipougua surua, tuliitumia kwa Déo kila mwisho wa mwezi. Sasa ikawa zamu yako. Ulikuwa umemwacha Malkia Biskwi mbele ya daraja la kamba, mguu mmoja uko juu ya ubao wa kwanza. Ng'ambo kulikuwa na kijiji kizima kilichofungiwa ngomeni, na ninyi ndio mlikuwa mnakwenda kuwatoa.

"Malkia anafanya nini?" Déo akauliza.

"Anarudi nyumba ya wageni," nikasema. "Atachunga mizigo."

"Malkia? Achunge mizigo? Mais Mama Nasra!"

"Eko na homa."

Jumamosi iliyofuata homa ilikuwa haijapona. Iliyofuata, mvua. Iliyofuata, nikamkalisha jikoni akaange samaki. Nilimpa blanketi, nilimpa koti zito, nilimfungia mlango kwa komeo. Nilikuwa na akili zangu timamu, Nasra, nilijua kwamba karatasi si mwanangu. Lakini mkono wangu ulikataa kumvusha daraja lile. Niliogopa. Sijapata kuogopa vile, wala kabla wala baadaye. Docteur wa Déo akatangulia yeye, na macho yake mabovu, akaanguka mtoni. Mwizi wa Aline akakamatwa. Kile kijiji hakikutolewa, na Aline alilia kweli kweli mezani kwangu, nami nikakusanya maharage nikasema ni bahati mbaya.

Kisha ukarudi. Umekonda, unanuka ndagala, una kovu bichi kwenye goti. Nilikushika mpaka ukasema nakuumiza. Ulioga, ukala, ukakaa, na swali lako la kwanza lilikuwa lile.

"Malkia eko wapi?"

"Eko muzima," nikasema, na nilikuwa najivuna. "Hakuna kitu kilimupata."

"Alifanyaka nini?"

"Alichunga mizigo. Alikuwa na homa."

Ukachukua karatasi yake. Ukasoma nilichoandika: samaki, blanketi, koti. Ukamwuliza Aline habari ya daraja, naye akakueleza yote, mtoto yule hajui kuficha. Nilingoja upige kelele. Ungepiga kelele ningejua la kufanya.

"Mama, ule si Malkia," ukasema polepole. "Ule ni we, umevaa manguo yake."

Nilikwambia ni mchezo tu. Hilo ndilo jibu nililopata.

Shangazi Mwajuma alikuja baadaye, na nikiwa namkatia kitambaa akanisimulia yale ambayo wewe hukusimulia. Kwamba siku risasi zilipofika karibu mchana kweupe, watoto wake wadogo walijificha chini ya vichanja vya ndagala na hakuna aliyeweza kuwatoa, na kwamba ni wewe uliyewatoa. Ulitangulia katikati ya migomba, ukawaambia washikane nguo, mkaenda mpaka misheni. "Nilimuambia angoje," Mwajuma akasema, "akaniambia, Shangazi, kutangulia ni kazi yangu." Mkasi ulinitoka mkononi. Wakati huo huo mimi nilikuwa hapa mjini nakukaangisha samaki.

Toleo jipya la mchezo lilikuja miezi michache baada ya hapo. Ndugu wa Déo alilileta kutoka Ubelgiji ndani ya sanduku la nguo: kitabu kizito, jalada gumu, picha za rangi, na kwenye jalada wameandika toleo la pili, limerekebishwa lote. Wewe na Aline mlilala kifudifudi sakafuni mkikisoma kama watu waliopata barua. Kila baada ya muda mnapiga yowe, eti panga sasa linafanya hivi, eti mganga sasa anaruhusiwa vile. Kisha mkafika kwenye ukurasa mmoja. Ukasimama na kitabu, ukanisomea kwa Kifaransa, halafu ukanitafsiria kana kwamba sijui: mchezaji asipokuwepo, mhusika wake hachezwi na mtu mwingine, anabaki pale alipoachwa, na hakuna linaloweza kumpata mpaka mwenyewe arudi.

Uliniangalia tu.

Nami nikasema, "Kitabu hiki hakijui Bujumbura." Nikasema watu wa Ulaya wanaweza kumwacha mtu amesimama barabarani, sisi tunafunga milango. Nikasema asiyekuwepo na lake halipo, wazee hawakukosea. Bibi yako, aliyekuwa anachambua mchele, akasema, "Ya ule asiyekuwepo ilikuwepo, Rehema. We ndio uliikula." Mkacheka wote, na mimi nikakasirika kuliko ilivyostahili.

Basi nikaanza kutafuta sababu, na mtu akitafuta sababu hakosi. Nilisema toleo jipya linataka dadu, na dadu nyumba hii haziingii. Nilisema sheria zake ni nyingi, kitabu ni kizito kama tofali. Nilisema karatasi zote itabidi ziandikwe upya, na Malkia Biskwi atapoteza Jicho la Mto, kile kipaji chake cha kujua kina cha maji bila kupima, kwa sababu toleo jipya halina kitu kama hicho. Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Mengine yalikuwa maneno. Ulisikiliza mpaka mwisho, kama ulivyo, kisha ukasema, "Sawa. Mi nitachezea kwa Aline."

Ukawa unakwenda Kigobe Jumamosi, unalala huko kwa sababu ya couvre-feu, na hapa kwetu mimi na Bibi tunakaa na kofia ya maharage katikati yetu. Hata baba yako, ambaye hajapata kucheza, alizima redio akauliza mbona kimya. Nilimwuliza Aline siku moja, kwa ujanja wa kizee, Malkia anaendeleaje huko. Akashangaa. Akasema hukumpeleka. Ulijitungia mtu mwingine kabisa. "Nasra anasemaka Malkia eko kwa Mama."

Nasra, hilo lilinichoma. Ulimwacha jikoni nilikomweka. Hukumwiba, hukuja kumtoa usiku wa manane. Ulikuwa unangoja nimfungulie mwenyewe, na mimi kwa kiburi changu nikaacha mwaka upite.

Nataka nikuambie kitu kuhusu babu yako, baba yangu, mwenye hiyo kofia. Nilipomaliza shule, masista wawili walikuja nyumbani kuuliza kama ningependa kwenda kusomea ualimu. Nilikuwa jikoni. Nilibeba sinia la chai, nikafika kwenye pazia la sebule, nikasikia sista anauliza, "Na Rehema mwenyewe anasemaje?" Baba akajibu, kwa upole kabisa, "Rehema anataka kukaa dukani." Nikaingia, nikawamiminia chai. Hakuwa mtu mbaya, unajua nilivyompenda. Alinichezea vizuri: nilipata duka, nikapata baba yako, nikapata wewe, na sibadilishi hata kimoja. Lakini mpaka leo sijui Rehema angejibu nini. Wakati mwingine nakata kitambaa nawaza, angejibu nini yule? Nilikuwa na jambo hilo moyoni miaka yote, na bado nikakufanyia wewe lile lile mbele ya macho yako, tena kwa maharage.

Na hayo maharage pia nikuombe radhi. Nilikulea ukiamini kwamba punje mbaya zikishatoka zinabaki nzuri tu, kwamba mabaya yanakwisha kofiani kama mtu atavumilia. Miaka ile nilihitaji kuamini hivyo, maana kila siku nilikuwa najiambia bila shaka leo zimekwisha. Wewe ndiye uliyeniambia, "Mama, haragi ikitoka inarudishwaka." Ulisema kweli. Huko uendako ukipata siku mbaya, usidhani umelipa ya kesho. Vile vile ukipata nzuri, usiiogope.

Wiki hii nilimwomba Déo aniazime kile kitabu. Alikileta dukani amekifunga kwenye gazeti kana kwamba ni magendo. "Enfin! Hatimaye!" akasema, nikamwambia anyamaze asije akasikika. Nimekisoma hapa stoo, kidogo kidogo, wateja wakipungua. Ni kizuri. Siwezi kusema vingine. Dadu zitabaki chini ya sanda ya Bibi, nimemwuliza, amekataa; lakini amekubali maharage ya toleo jipya, mapya, na kila punje ikitoka inarudi kofiani.

Nimemhamisha Malkia Biskwi mimi mwenyewe. Nimemwandika upya kwa mwandiko wangu mzuri, na karatasi yake iko ndani ya bahasha hii. Jicho la Mto limekwenda, kama nilivyokwambia. Sasa kila mto itabidi aupime, na atakosea mara moja moja. Nimefuta blanketi na koti. Samaki nimemwachia, alikuwa ameshawakaanga.

Toleo jipya linataka uandike pia mahali mhusika alipo. Hapo nilikaa muda mrefu, kalamu mkononi. Kisha nikaandika pale ulipomwacha wewe kabla ya kwenda Ruziba: mbele ya daraja, mguu mmoja juu ya ubao wa kwanza. Komeo nimelitoa.

Jumamosi Déo na Aline wanakuja, na mimi nitasimulia kwa kitabu kipya. Nakala ya karatasi hiyo nitaiweka mezani mbele ya kiti chako, na hakuna atakayeigusa, Bibi ameapa kumpiga mtu kwa mwiko. Nitakulilia, sitakuficha hilo, pengine katikati ya hadithi, na Déo atajifanya anatafuta miwani. Najua atasahau pia, kwa mazoea ya miaka yote, atanigeukia aniulize Malkia anafanya nini sasa. Nimekuwa nikijizoeza jibu langu hapa stoo, kwa sauti ndogo, ili siku hiyo nisije nikakujibia.

Nitamwambia sijui. Tumngoje, atasema mwenyewe akirudi.

Mama yako,
Rehema